Waingereza Nao Wana Makabila

Mwaka wa 1659 bunge la koloni la Massachusetts lilipitisha sheria: ukipatikana unasherehekea Krismasi, iwe kwa kuacha kazi au kwa kuandaa karamu, faini ni shilingi tano. Si utani. Waliopitisha sheria hiyo hawakuwa maadui wa kanisa. Walikuwa Wakristo wakali kuliko mchungaji yeyote unayemjua, na hoja yao ilikuwa kwamba Biblia haitaji tarehe 25 Desemba popote. Sheria ilidumu hadi 1681. Miaka hiyohiyo, ukishuka pwani hiyohiyo ya Amerika hadi Virginia, unakuta Waingereza wengine kabisa, wana lugha ileile na Biblia ileile, wanakula Krismasi yao bila wasiwasi wowote.

Mimi nilikuwa na Mwingereza mmoja tu kichwani. Wewe pia, nadhani. Yule wa vitabu vya historia vya shule: kofia ya jua, bunduki, chai saa kumi. Alikuja, akapima ardhi, akatupanga sisi katika makabila, akaandika kila kabila linaoaje, linakula nini, linazikaje. Yeye mwenyewe hakuwa na kabila. Alikuwa Mwingereza tu, kama vile maji ni maji.

Ndiyo maana kitabu cha David Hackett Fischer, *Albion's Seed*, kilinipa raha ya uchokozi ambayo sikuitarajia kutoka kwa kitabu cha kurasa zaidi ya 900. Kilitoka mwaka wa 1989 na hadi leo Wamarekani wanakigombania. Fischer anasema hivi: Waingereza waliohamia Amerika kabla ya uhuru wa nchi ile hawakuwa watu wa aina moja. Walikuja kwa mawimbi manne, kutoka pande nne tofauti za visiwa vyao, na kila wimbi lilibeba mila zake. Wapuritani, wengi wao wa mashariki ya Uingereza, walienda Massachusetts kati ya 1629 na 1640, watu kama 21,000. Mabwana wa kusini mwa Uingereza pamoja na vibarua wao walienda Virginia kuanzia miaka ya 1640. Marafiki, wale wanaoitwa pia Quaker, walitoka kaskazini ya kati na Wales wakaenda bonde la mto Delaware, ambako Philadelphia iko leo. Mwisho, kuanzia 1717 hivi, wakaja watu wa mpakani: wa mpaka wa Uingereza na Scotland, na wa kaskazini mwa Ireland, zaidi ya robo milioni. Hao wakasukumwa ndani, kwenye milima ya Appalachia.

Halafu anawachambua. Na anavyowachambua ndipo utamu ulipo. Kwa kila kundi anapitia orodha ileile: wanavyoongea, wanavyojenga, wanavyooa, wanavyolea watoto, wanavyoita majina, wanavyozeeka, wanavyozika, uchawi wanaouamini, chakula, mavazi, michezo, kazi, pesa, cheo, hata maana ya uhuru. Nikajiuliza nimeona wapi orodha hii. Nikakumbuka: *Facing Mount Kenya* ya Jomo Kenyatta, 1938. Ukoo, ardhi, elimu, tohara, ndoa, serikali, dini, uchawi. Kenyatta aliandika orodha hiyo London akiwa mwanafunzi wa Malinowski, na Wagikuyu ndio waliokuwa mezani wakipasuliwa. Hapa mezani yuko Mwingereza. Jamani, acha nifurahie kidogo.

Chukua majina. Wapuritani waliwapa watoto majina ya Biblia na majina ya maadili. Mhubiri wao maarufu aliitwa Increase Mather, yaani Bwana Ongezeko, na hakuna aliyecheka. Wasichana waliitwa Mercy, Patience, Thankful. Hebu hesabu akina Mercy na Patience uliosoma nao. Huko Virginia majina yalikuwa ya wafalme na mashujaa wa vita: William, Robert, Richard, Edward. Na mzaliwa wa kwanza wa kiume mara nyingi alirithi jina la babu yake mzaa baba. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Shangazi yangu angesema basi hao ni watu wetu.

Au ndoa. Kwa Wapuritani, waliotoroka kila kitu kilichonukia Ukatoliki, ndoa ilikuwa mkataba wa kiserikali: unaenda mbele ya hakimu, si mbele ya mchungaji. Virginia, bila kasisi wa Kanglikana hakuna ndoa. Marafiki hawakuwa na kasisi wala hakimu. Maharusi walisimama mbele ya watu waliokaa kimya, wakaahidiana, na wote waliokuwepo wakatia sahihi cheti. Lakini kabla ya kufika siku hiyo walipitishwa kwenye vikao na watu waliotumwa kuwachunguza, hatua juu ya hatua. Wakenya tunaolalamikia kamati za harusi hatujui tulichoepuka, kwa sababu kamati ile haikuchanga pesa. Ilichunguza kama moyo wako uko huru. Na kule milimani, bado walikumbuka desturi za kumteka bibi harusi.

Chakula nacho. Massachusetts walichemsha na kuoka: maharage yaliyolala kwenye jiko la udongo usiku kucha, mkate mweusi, pai. Virginia walipenda nyama ya kuchoma na ya kukaanga. Milimani walikunywa maziwa yaliyoganda, mala kabisa, na kula uji mzito wa unga wa mahindi ambao ukiuacha motoni dakika kumi zaidi unapata ugali. Hata wakati haukuwa mmoja. Fischer anasema Mpuritani aliuboresha wakati, bwana wa Virginia aliuua, Rafiki aliukomboa, na mtu wa milimani aliupitisha tu.

Na elimu, ambayo si ya kuchekesha. Sheria ya Massachusetts ya 1647 ililazimisha kila mji wenye familia 50 kuajiri mwalimu wa kusoma na kuandika. Mwaka wa 1671 gavana wa Virginia, William Berkeley, aliwaandikia wakubwa wake London akimshukuru Mungu kwamba koloni lake halina shule za bure wala mitambo ya kupiga chapa, akiomba hali ibaki hivyo kwa miaka mia. Mmoja alitaka kila mtoto asome ili Shetani asimdanganye. Mwingine alijua mtu akisoma ataanza kuuliza. Nafasi kati ya hao wawili ni kubwa kuliko Atlantiki, na wote ni Waingereza.

Kufikia hapo nilikuwa nimenunuliwa. Nilianza kuwachosha watu. Rafiki akitaja uchaguzi wa Marekani, mimi: hao ni wale wa mpakani, ni damu ya Andrew Jackson, unajua wazazi wake walitoka Ulster? Kila kitu kilikuwa na jibu. Halafu usiku mmoja nikajisikia nikisema, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, "watu wa kule wako hivyo tu." Nikanyamaza. Sentensi hiyo naijua, na sikuijua kwa Fischer. Niliisikia nikiwa darasa la tatu, mwanzoni mwa 2008, watu wazima wakiisema ukutani kwa sauti ya chini huku nyumba ya pili ikifunga virago. Walikuwa na hakika. Walikuwa na mifano.

Basi nikarudi kwenye kitabu, safari hii na kalamu.

Jambo la kwanza ni hesabu. Kwa Wapuritani, Fischer anapata kama asilimia 60 waliotoka kaunti za mashariki. Ni wengi, sikatai. Lakini asilimia 40 walitoka kwingineko, na katika sura zinazofuata wanameza ulimi. Virginia ni zaidi: yapata robo tatu ya wahamiaji walikuwa vibarua waliofungwa kwa mkataba wa miaka, vijana maskini waliokufa kwa malaria na kazi kabla ya kupata chochote. Sura ya Virginia ina nyumba kubwa nyingi sana na vibanda vichache sana. Fischer angejibu kwamba wakubwa ndio walioweka mtindo na wengine wakafuata. Labda. Lakini mila ya watu wachache wenye ardhi ikiitwa mila ya watu wote, hiyo tunaifahamu. Ndivyo wazee wachache walivyokaa na mkuu wa wilaya wakamwambia sheria za jadi ni zipi, na za jadi zikawa hizo.

Jambo la pili ni jikoni. Maharage yale ya Boston ni zao la wenyeji wa Amerika, kama yalivyo mahindi. Ule mkate mweusi ulikuwa wa unga wa rai na mahindi, na haukutokana na mapenzi ya mashariki ya Uingereza peke yake: ngano yao ilishikwa na kutu ya mimea katika miaka ya 1660 na mkate wa ngano ukawa wa wenye pesa. Na Virginia, ambako tunaambiwa kukaanga na kuchoma kulitoka kusini mwa Uingereza, hebu tuulize: nani alikuwa ameshika sufuria? Waafrika wa kwanza waliotajwa Virginia waliletwa mwaka wa 1619, zaidi kidogo ya 20, kabla hata Mpuritani mmoja hajafika Boston. Vizazi vichache baadaye jiko la bwana lilikuwa mikononi mwa wanawake Waafrika. Bamia ilifika kule, na jina lake la Kiingereza cha Amerika lina asili ya Kiigbo. Kitabu kinachojua kupima ulalo wa paa la nyumba ya Massachusetts kingeweza kuingia jikoni Virginia na kukaa kidogo.

Fischer hawasahau Waafrika, tusimsingizie. Hoja yake ni nzito kuliko kusahau. Anasema mila za Virginia zilitangulia, utumwa ukafuata: mabwana walikuja tayari na picha ya jamii ya ngazi, wa juu na wa chini, na wakatafuta watu wa kuijaza ile ngazi ya chini. Vibarua wa Kiingereza walipopungua, wakajaza kwa Waafrika. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona ya maana. Ina ukweli ndani yake. Mtu aliyezoea kuvuliwa kofia hashindwi kuzoea kuoshwa miguu.

Lakini kuna Elizabeth Key. Alizaliwa Virginia kwa baba Mwingereza, Thomas Key, mtu mwenye mashamba aliyewahi kuwa mjumbe wa baraza la koloni, na mama Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Baba alipofariki, msichana alipita mkono hadi mkono, na muda wa utumishi wake ulipokwisha hakuachiliwa. Akaenda kortini. Hoja zake zilikuwa za Kiingereza kabisa: mimi nimebatizwa, muda wangu umeisha, na kwa desturi ya Uingereza mtoto hufuata hali ya baba yake. Baba yangu alikuwa mtu huru. Kesi ilipanda na kushuka, na mwaka wa 1656 akapata uhuru wake. Akaolewa na wakili wake, William Grinstead. (Wewe andika filamu hiyo, mimi nitanunua tiketi.)

Miaka sita baadaye, 1662, baraza la Virginia likapitisha sheria: mtoto atafuata hali ya mama. Mwaka wa 1667 likaongeza nyingine: ubatizo haumtoi mtu utumwani. Milango yote miwili aliyopitia Elizabeth ikafungwa nyuma yake.

Angalia kilichotokea hapo. Kama kuna mila moja ambayo mabwana wale wangeing'ang'ania kuliko zote, ni ya baba. Fischer mwenyewe anatuonyesha kurasa baada ya kurasa jinsi walivyoabudu ukoo wa baba: jina la babu, ardhi ya baba, heshima ya baba. Na mila hiyo, iliyovuka bahari salama, iliyodumu karne nyingi, waliitupa kwa sheria ya mistari michache mara ilipoanza kuwagharimu. Mtoto wa bwana kwa mtumwa angekuwa huru. Sasa anakuwa mali. Kila ujauzito ukawa faida. Hawakuomba ushauri wa mababu wa Sussex.

Ndipo swali langu kwa kitabu hiki likabadilika. Fischer anauliza: mila hii ilitoka wapi? Ni swali zuri na analijibu kwa ufundi. Mimi nataka pia kujua kwa nini hii ilibaki na ile ikatupwa, na nani alikuwa kwenye kikao siku ilipotupwa. Ukiuliza hivyo, sanduku la mila linaacha kuwa sanduku lililofungwa. Kuna mtu analifungua, anachagua.

Mfano wa pili tunao hapa nyumbani. Marafiki walewale wa Delaware wana wajukuu wa kiroho Kenya. Wamisionari Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka wa 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kwa nadharia ya mbegu, ukienda ibada yao Vihiga Jumapili utakuta ule ukimya: hakuna mchungaji, hakuna wimbo, watu wamekaa wakingoja Roho amsukume mmoja aseme. Nenda ukaone. Utakuta mchungaji, kwaya, mahubiri na sadaka. Wala si Waluhya walioanza kuubadilisha. Waliokuja Kaimosi walitoka katika tawi ambalo lilikuwa limeshabadilika kule magharibi ya kati ya Marekani katika karne ya 19, kwenye mikutano ya uamsho. Kanisa ni lilelile na babu ni yuleyule, lakini walipohama mashamba hata namna ya kumngoja Mungu ilihama nao. Ni kweli pia kwamba kuna vitu vilibaki. Marafiki wa Philadelphia, waliokuwa na watumwa kama wengine, walijigombeza wenyewe kwa karibu miaka mia, tangu waraka wa Germantown wa 1688 hadi 1776 walipokataza mwanachama yeyote kumiliki mtu. Hapo mila ilishinda pesa. Ilichukua vizazi vitatu na ugomvi mkali, lakini ilishinda, na hapo Fischer ana haki ya kutembea kifua mbele.

Sura niliyoirudia zaidi ni ile ya watu wa mpakani. Ndiyo sura inayopendwa vibaya. Watu huichukua kueleza kwa nini maskini weupe wa Appalachia wanapigana, wanakunywa, wanapiga kura wanavyopiga: ni damu ya wezi wa ng'ombe. Nimesikia habari hizo zikisomwa kwa sauti ileile saa moja jioni kuhusu Baringo na Turkana. Wizi wa mifugo ni utamaduni wao. Ukishasema utamaduni, umemaliza. Huhitaji kuuliza nani anauza risasi, lori la ng'ombe linaelekea soko gani usiku, kituo cha polisi kiko kilomita ngapi.

Lakini soma Fischer mwenyewe, si wanaomnukuu. Anaeleza kwamba mpaka ule ulikuwa uwanja wa vita wa wafalme wawili kwa karibu miaka 700. Majeshi yalipita, yakachoma, yakarudi. Hakuna aliyejenga nyumba ya kudumu kwa sababu ingechomwa. Hakuna aliyemwamini hakimu kwa sababu hakimu alikuwa wa upande mmoja. Ukabaki na ukoo wako na silaha yako. Hiyo si damu. Hiyo ni serikali iliyokuja kwako kama jeshi tu, haijawahi kuja kama shule. Hapo Fischer anatoa sababu, na ni bora kuliko nadharia yake. Natamani angefanya hivyo katika sura zote nne.

Wanahistoria wenzake walimkaanga mapema: mwaka wa 1991 jarida la *William and Mary Quarterly* lilimtengea mjadala mzima, na mengi ya niliyosema hapa wao waliyasema kabla sijazaliwa. Yeye alikuwa ameahidi kwamba kitabu hiki ni cha kwanza katika mfululizo wa historia ya utamaduni wa Marekani. Mwaka wa 2022, akiwa na miaka zaidi ya 80, akatoa *African Founders*, kuhusu Waafrika waliopelekwa utumwani na walichokijenga kule, mkoa kwa mkoa, kwa mtindo uleule wa kuuliza walitoka wapi na walibeba nini. Miaka 33 kati ya bwana kukaribishwa mezani na mpishi kupewa kiti.

Msome Fischer. Nakwambia ukweli, sijafurahia kitabu cha historia hivi kwa muda mrefu, na kumwona Mwingereza akiulizwa "kwenu mnazikaje?" ni burudani ambayo tulistahili zamani. Ila ukifika Virginia, weka kando ya ukurasa karatasi yenye tarehe mbili, 1656 na 1662, na jina la Elizabeth Key. Mimi nakala yangu bado ina hiyo karatasi, imeanza kuchanika pale ninapoikunja.